Dawa za kuzima homoni kwa mateso ya kabla ya hedhi: uanzie wapi ukiwa Arusha au Moshi

"Dada, ile sindano ya kuzima homoni inapatikana wapi?" "Dada, nikichoma hasira zitaisha?" "Dada, si ni ile ya miezi mitatu?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi hadi nimeamua kuandika mara moja, ili anayeuliza tena nimtumie hii. Na jibu la swali la tatu ni hapana, si ile ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, nami nilikuwa mmoja wao.

Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, Ngarenaro. Kwa miaka mingi, siku kama kumi kabla ya kuingia kwenye siku zangu nilikuwa nageuka mtu mwingine: kulia bila sababu, hasira za kurusha vitu, kuona maisha hayana maana. Damu ikitoka, siku ya pili nimerudi kuwa mimi, nabaki kuomba radhi nyumba nzima. Hali hiyo ina jina, PMDD (kwa Kiingereza, premenstrual dysphoric disorder). Kuumwa tumbo na kununa kidogo ni jambo jingine kabisa. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliipa nafasi kamili kwenye kitabu chao cha utambuzi mwaka 2013, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inaitambua, tena imeiweka upande wa viungo vya uzazi. Kwa hiyo ukiambiwa ni pepo, au ni kudeka, unalo la kujibu.

Nadharia ni kidogo tu. Homoni zako si nyingi wala chache kuliko za wenzako. Yai likishatoka, homoni hupanda na kushuka kama kwa mwanamke yeyote, ila ubongo wako unayapokea vibaya mabadiliko hayo. Yai lisipotoka, mabadiliko hayapo, na mateso hukosa pa kuanzia. Dawa za kuzima homoni kazi yake ndiyo hiyo. Na kwa sababu hiyo hiyo, usimlipe mtu pesa ya "kipimo cha homoni zote". Majibu yatarudi mazuri, utarudishwa nyumbani na aibu. Kipimo cha damu kinachoonyesha PMDD hakuna.

Onyo kabla ya yote. Kama katika siku zile mbaya unawaza kufa au kujidhuru, usisubiri umalize kusoma. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, akupeleke hospitali yenye huduma ya dharura, iwe Mount Meru, Mawenzi, KCMC au yoyote iliyo jirani. Sumu ya panya, dawa za kupulizia mimea na vidonge vilivyobaki zitoke ndani ya nyumba, akae navyo mtu mwingine.

Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku na kalamu. Simu inafaa pia, ila daktari ataisoma karatasi kwa haraka zaidi.
- Tarehe za hedhi zako mbili au tatu zilizopita.
- Orodha ya kila unachomeza: dawa za kifafa, za TB, ARV, za presha, na za mitishamba. Mitishamba usiifiche, baadhi inagongana na dawa.
- Presha iliyopimwa hivi karibuni. Zahanati yoyote itakupima.
- Kadi ya bima kama unayo. Hospitali ya kanda kama KCMC, bima itataka barua ya rufaa.
- Mtu mmoja anayejua unachofanya. Mimi nilimwambia wifi yangu. Mume nilimwambia baadaye, nikiwa kwenye siku nzuri. Siku mbaya si siku ya kueleza chochote.

Hatua ya 1: Jaza daftari kwa mizunguko miwili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo inayofungua milango yote. Siku ya kwanza ni siku damu inapotoka vizuri, siyo matone. Kila jioni andika namba ya siku, kisha upe alama kuanzia 1 (hakuna) hadi 6 (imezidi kabisa) kwa mambo haya: huzuni, hasira, wasiwasi, kulia ghafla, usingizi, hamu ya kula, umakini wa kazi, maumivu ya matiti au kuvimba. Ongeza mstari mmoja wa kilichotokea.

Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Siku ya 24. Hasira 6, huzuni 5, usingizi 4. Nimepasua kwa mkasi gauni la mteja lililokuwa limebaki upindo tu." Siku ya 8 ya mzunguko uliofuata: "Hasira 1, huzuni 1. Nimeshona gauni jipya bure." Daktari alizitazama kurasa hizo mbili kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Kinachotafutwa ni wiki safi. Baada ya hedhi lazima kuwe na siku kadhaa ambazo alama zimeshuka kabisa. Kama huzuni ipo mwezi mzima na inazidi tu kabla ya hedhi, huenda ni sonona, ugonjwa wa tezi ya shingo au kitu kingine, na tiba yake ni nyingine. Usijaze kwa kukumbuka mwishoni mwa mwezi. Kumbukumbu inadanganya, na daftari lililojazwa kwa wino mmoja siku moja daktari analijua.

Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wa chini

Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Usiseme "nataka sindano ya homoni". Sema hivi: "Nina dalili kali za hisia zinazoanza kabla ya hedhi na kuisha hedhi ikianza. Nimeandika miezi miwili. Naomba rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake."

Kwa nini nasisitiza maneno? Kwa sababu kwetu "sindano ya homoni" ni sindano ya uzazi wa mpango. Mimi niliitamka hivyo kwenye zahanati moja, nikachomwa sindano ya miezi mitatu ndani ya dakika tano, bila hata kufungua daftari langu. Ile ni homoni ya aina ya projestojeni. Ni kweli inazuia yai, lakini wapo wenye PMDD ambao projestojeni yenyewe ndiyo inayowavuruga. Kijiti cha uzazi wa mpango kikikukataa kinatolewa. Sindano ikishaingia haitoki, unaisubiri iishe. Niliisubiri, miezi mitatu bila wiki safi hata moja.

Hatua ya 3: Kubali kuanza na dawa isiyozima kitu

Najua umekuja kwa ajili ya kuzima. Lakini daktari makini atakuanzishia dawa za kundi la fluoksetini au setralini, na yuko sahihi. Kwenye sonona dawa hizi huchukua wiki kadhaa. Kwenye PMDD zinaweza kusaidia ndani ya siku chache, hivyo wengine huzimeza kila siku na wengine kuanzia yai linapotoka hadi hedhi inapoingia. Fluoksetini huanza na miligramu 20. Ni dawa ya siku nyingi na ni rahisi kuipata kuliko sindano, na kuna wanawake ambao safari yao huishia hapa kwa furaha.

Makosa mawili. La kwanza, kuichanganya na tramado kwa ajili ya maumivu ya tumbo. Mchanganyiko huo ni hatari, mwambie daktari akupe kitu kingine. La pili, kutosema kuwa umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, hulali siku tatu na pesa unazimwaga. Hilo lazima lisemwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Hatua ya 4: Vidonge vya majira, kwa mpango

Hapa ndipo kuzima kunapoanza. Vidonge vyenye homoni mbili huzuia yai lisitoke. Kile chenye drospirenoni (aina ya projestojeni) ndicho kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa PMDD, vidonge 24 vyenye dawa na 4 visivyo na kitu. Ulizia maduka makubwa ya dawa mjini.

Vile vya kliniki ya uzazi wa mpango vina projestojeni tofauti na havina ushahidi mzito kama huo, ila daktari anaweza kukujaribishia. Itoe paketi uitazame: vidonge 28, ambapo 21 vina homoni na 7 vya mwisho, vyenye rangi ya kahawia, ni madini ya chuma tu. Wiki ya hivyo vya kahawia homoni inashuka, na kwa baadhi yetu balaa linarudi wiki hiyo hiyo. Muulize daktari kama unaweza kuviruka na kuanza paketi mpya moja kwa moja. Damu isipotoka mwezi huo hakuna uchafu unaojikusanya tumboni. Mama yangu mkubwa hakubali hilo hadi leo, lakini ndivyo ilivyo.

Usivitumie kama una presha ya juu, umewahi kuganda damu, una kipandauso kinachoanza kwa kuona mimeng'aro, unavuta sigara na umevuka miaka 35, umewahi kuugua saratani ya matiti, au umejifungua wiki chache zilizopita. Rifampisini ya TB na baadhi ya dawa za kifafa na ARV hupunguza nguvu yake. Ukipata maumivu ya ghafla ya kigimbi, kifua kubana, kukosa pumzi au kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Sindano yenyewe, na maswali ya kuuliza kwanza

Hatua ya 3 na 4 zikishindwa, au zikikukataa, ndipo tunafika kwenye goserelini, leuprorelini na triptorelini. Zinafanya kazi kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile inayoamrisha ovari. Mwanzoni zinaichochea, kisha inachoka na kunyamaza. Ovari nazo zinalala. Mwili unaingia kwenye ukomo wa hedhi wa muda.

Nilipokwenda kununua, kijana wa duka la dawa aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniuliza kwa heshima, "Mama, unamchukulia mzee wa tezi dume?" Hakukosea. Dawa ni ile ile, kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume inazima homoni za kiume. Kwa sababu hiyo angalia boksi: goserelini ya kawaida ya mwanamke ni miligramu 3.6 kila siku 28. Ile ya 10.8 ni ya miezi mitatu na imelengwa kwa wale wazee. Usikubali kubadilishiwa dukani bila daktari wako kusema.

Muulize daktari haya kabla hujalipa:

- Tunajaribu kwa miezi mingapi? Mara nyingi ni mitatu kwanza. Kama ovari zimelala kabisa na wewe bado unaumia vile vile, huenda tatizo siyo PMDD, na ni afadhali kujua mapema.
- Homoni za kurudishia (Hatua ya 8) nitaanza lini?
- Nani atanichoma, na nikikosa dawa mwezi wa pili nifanye nini?

Hatua ya 6: Siku ya sindano

Pima mimba kwanza, hata kama una uhakika. Kwa kawaida sindano ya kwanza huchomwa siku za mwanzo za hedhi.

Goserelini ni kijiti kidogo kama punje ya mchele, na sindano yake ni nene. Inaingia chini ya ngozi ya tumbo, chini ya kitovu. Omba ganzi, si aibu. Ichomwe na mtu aliyefundishwa, hospitali. Asichome jirani yako nesi mstaafu sebuleni, kwa sababu eneo hilo lina mishipa ya damu na imewahi kujeruhiwa. Tumbo likivimba palipochomwa, au ukisikia kizunguzungu, usiondoke eneo la hospitali.

Kuhusu kuisafirisha: soma boksi. Goserelini haitaki joto la juu ya nyuzi 25, na Moshi ya Januari inavuka hapo saa nne asubuhi. Dirishani kwenye Kosta si mahali pake, wala friza ya muuza barafu. Ukiweza, nunua na uchomwe hospitali hiyo hiyo, uepukane na habari za mabarafu.

Hatua ya 7: Wiki tatu za kwanza

Soma hapa mara mbili. Nilisema dawa inaichochea tezi kabla ya kuinyamazisha. Maana yake ni kwamba wiki ya kwanza hadi ya tatu homoni zinaweza kupanda, na ukawa na hali mbaya kuliko siku zote. Unaweza pia kutoka damu. Wengi hukimbia hapa, wakisema sindano imewaharibu. Wifi yangu alikuja kulala kwangu wiki hizo, akawapokea wateja wote wenye maneno, na mkasi mkubwa akaenda nao chumbani kwake.

Baada ya hapo, kimya. Nakumbuka siku ya 26 nilikuwa napiga pasi, nikashtuka kuwa ni siku ya 26.

Kisha joto likaja. Julai, Arusha nzima imevaa makoti, mimi kwenye Kosta ya kwenda Moshi nafungua dirisha. Abiria wa nyuma wakaanza: "Dada, funga, kuna mtoto mchanga!" Konda akanihamishia mlangoni. Sasa nasafiri na kanga nyepesi, chupa ya maji, na sweta la kuvua. Jasho la usiku, ukavu ukeni na usingizi wa mang'amung'amu ni vya kawaida, na vingi vinapungua ukianza hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Homoni za kurudishia, na mifupa

Unashangaa: tumezima, halafu tunarudisha? Ndiyo, kidogo, kwa kiwango kisichobadilika. Kumbuka shida yako ni kupanda na kushuka. Estrojeni ikipungua kwa muda mrefu mifupa inakonda, ndiyo maana sindano hizi peke yake hazipaswi kuvuka miezi sita. Daktari anaweza kukupa estradioli (aina ya estrojeni) pamoja na projesteroni, au tiboloni, dawa moja inayofanya kazi kama homoni hizo. Kama una kizazi, usimeze estrojeni peke yake, inaongeza hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi.

Mwezi wa kwanza wa kurudishiwa, dalili zinaweza kurudi kwa muda, kwa sababu homoni imetoka chini kwenda juu. Jipe mwezi, endelea na daftari. Ukiendelea na sindano kwa muda mrefu, omba kipimo cha mifupa. Tembea kwa miguu, kunywa maziwa au mtindi, kula dagaa wazima na mifupa yao.

Ikienda kombo

*Mwezi wa pili bado natoka damu kama kawaida.* Mwambie daktari. Huenda sindano ilichelewa, dawa ilipata joto, au kipimo hakitoshi. Matone ya mwezi wa kwanza ni kitu cha kawaida.

*Damu imekata, hasira ziko pale pale.* Peleka daftari. Inawezekana ni sonona iliyokuwa imejificha nyuma ya hedhi. Omba kuonana na kliniki ya afya ya akili, si kwa sababu umeshindikana.

*Nimepata mimba?* Sindano hii haijathibitishwa kuwa uzazi wa mpango. Tumia kondomu, au lupu ya shaba, ambayo haina homoni. Ukihisi mimba, pima na urudi kwa daktari kabla ya sindano nyingine.

*Nitazaa tena?* Ukiacha, ovari zinaamka na hedhi hurudi, kwa wengi ndani ya miezi michache. Na PMDD nayo hurudi, usidanganyike kuwa umepona.

*Mama mkwe anasema nimekaushwa kizazi.* Mpe chai. Mimi nilikwenda naye kliniki, daktari akamweleza yeye badala yangu, na sasa ndiye anayenikumbusha mtindi.

*Dawa imeisha mjini.* Hili ndilo litakalokusumbua kuliko yote. Hesabu siku 28, siyo "tarehe ile ile ya mwezi ujao". Ukichelewa, ovari zinaweza kuamka, na ukianza tena huenda ukapitia upya zile wiki za mwanzo. Piga simu kabla ya kupanda gari: maduka ya Arusha, kisha Moshi, kisha ndugu aliye Dar. Uliza nguvu ya dawa, tarehe ya kuisha, na inahifadhiwa wapi. Mimi naanza kupiga siku ya 18. Tarehe yenyewe nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa kibanda, na wateja wanadhani ni ya kuchukua nguo zao.